UZI: Pimbi na nguva ni ukoo mmoja. Tuwalinganishe ipasavyo

Wa_Chiromo

Wadau, habari za jioni.

Kila mjadala wa nguva unapozuka hapa jijini, watu humtia kapu moja na pomboo na nyangumi. Pimbi naye hutiwa na sungura, au huitwa panya mkubwa wa mawe. Nimesomea wanyama, na jambo hili hunikera kwa sababu linatuficha habari kubwa kuhusu wanyama wetu wenyewe. Pimbi na nguva ni ukoo mmoja, na wa tatu wao ni ndovu. Katika wanyama wote wanyonyeshao walio hai leo, hakuna aliye karibu na hawa watatu kuliko wanavyokaribiana wao kwa wao.

Kwa macho haiaminiki. Pimbi ana kilo 2 hadi 5, manyoya mazito, na kutwa nzima yuko juu ya jiwe akiota jua. Nguva ana urefu wa karibu mita 3, uzito wa kilo 400 na zaidi akishiba umri, hana miguu ya nyuma, na hatoki majini tangu kuzaliwa hadi kufa. Lakini George Gaylord Simpson, Mmarekani bingwa wa visukuku, aliwaweka kundi moja mwaka 1945 akiwa na mifupa na meno tu mkononi, akaliita Paenungulata. Vinasaba vilipoanza kusomwa miongo kadhaa baadaye, vilimuunga mkono. Mwaka 1998 ukoo mpana zaidi ukapewa jina la Afrotheria: humo wamo pia muhanga, sange (yule mdogo kama panya mwenye pua ndefu), na wale fuko wa dhahabu wa kusini. Wote asili yao ni bara hili, enzi Afrika ilipokuwa imezungukwa na bahari pande zote, wanyama wake wakikua kivyao.

Anzeni na meno, kwa sababu hayo mtayaona wenyewe. Siku ukienda hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, simama karibu na ule mnara wa mawe wa Fischer. Pimbi wamejaa pale na hawaogopi watu. Ngoja mmoja apige miayo. Utaona meno mawili marefu ya juu, makali, yasiyokoma kukua. Nguruwe na ngiri wanachotoa nje ni chonge. Pimbi anatoa meno ya mbele, yale ya kukatia, na pembe za ndovu ni meno hayo hayo ya mbele yaliyorefuka. Nguva dume naye akikomaa hutokeza mawili kama hayo, mafupi, chini ya mdomo wake mnene. Yaani pembe za Ahmed, yule ndovu wa Marsabit ambaye sanamu yake imesimama Makumbusho ya Taifa, na meno ya pimbi anayepiga miayo Naivasha, ni kiungo kimoja cha mwili.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua.

---

MamaTano_Rongai

Asante Mwalimu. Wanangu wanapenda sana habari za wanyama na nitawasomea huu uzi. Swali langu: nguva ana mkia uliogawanyika mara mbili kama wa pomboo kabisa. Anapumua hewa kama pomboo, ananyonyesha kama pomboo. Sasa pomboo ni wa nani kama si ndugu yake?

---

Wa_Chiromo

Mama Tano, swali zuri sana hilo, na ndilo linalowachanganya wengi.

Wanyama wanyonyeshao waliingia baharini zaidi ya mara moja, kila mara kutoka familia tofauti. Nyangumi na pomboo walitokana na wanyama wenye kwato, na jamaa yao wa karibu zaidi aliye nchi kavu leo ni kiboko. Sili ni upande wa mbwa na dubu. Nguva akaingia kivyake kutoka ukoo wa ndovu na pimbi. Maji yakawachonga wote kwa namna moja, kwa kuwa kuna njia chache tu za kusukuma mwili mkubwa majini, na mkia mpana unaopiga juu na chini ni mojawapo. Kwa hiyo mkia hautuambii mnyama alikotoka. Unatuambia anakoishi.

Tazama tabia zao uone tofauti. Pomboo ni mwindaji, anakimbiza samaki, ana kasi. Nguva ni mla nyasi. Anakwenda polepole juu ya nyasi za bahari, anazing'oa na mizizi yake kwa ule mdomo uliopinda chini, anaacha njia iliyofyekwa kwenye mchanga. Kwa siku anaweza kumaliza hadi kilo 40. Ili aweze kutulia chini akila, mifupa yake ni mizito na iliyoshikana sana, inamvuta chini. Mapafu yake ni marefu, yamelala chini ya mgongo, ndiyo maana mwili wake unabaki sawasawa bila kuinuka upande mmoja. Ni ng'ombe wa malisho aliyejengwa kwa ajili ya maji ya kina kifupi.

---

Daktari_wa_Ngombe

Mimi ni daktari wa mifugo, nilisomea Kabete. Niongeze mambo mawili ya mwili ambayo hayaonekani kwa nje.

La kwanza, chuchu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana kiwele nyuma, kati ya miguu. Ndovu ana matiti mawili kifuani, katikati ya miguu ya mbele. Nguva anazo chuchu mbili makwapani, nyuma ya pezi. Pimbi jike ana chuchu za nyuma kama wanyama wengi, lakini pia ana mbili kwapani. Mtu akinipa mnyama nisiyemjua mwenye chuchu za kwapani, sitaanza kumtafuta kwenye upande wa sungura.

La pili, korodani. Kwa fahali, beberu, mbwa au farasi, zinashuka nje ya mwili. Kwa pimbi hazishuki kamwe, zinabaki tumboni karibu na figo. Ndovu ni hivyo hivyo, na nguva hivyo hivyo.

---

Mhasibu_Upperhill

Nimesoma yote kwa makini na nataka kuelewa, si kubishana. Daktari, pomboo naye korodani zake ziko ndani, na sababu ni wazi: mwili unaoteleza majini hauwezi kubeba vitu vinavyoning'inia. Basi kwa nguva si ni sababu hiyo hiyo ya maji? Mwalimu mwenyewe amesema maji huwachonga wanyama wafanane. Tunajuaje kwamba pimbi na nguva hawakufanana kwa bahati tu?

---

Wa_Chiromo

Ndugu Mhasibu, umeuliza panapopaswa kuulizwa.

Kama korodani za ndani zingekuwa ni habari ya kuogelea tu, pimbi angezitoa wapi? Yeye anaishi juu ya mawe makavu, kuanzia Hell's Gate hadi Mlima Kenya kule kambi ya Mackinder, mita zaidi ya 4,000 juu. Ndovu naye ni wa nchi kavu. Wanaishi maisha tofauti kabisa, na bado wana jambo moja ambalo maisha hayo hayalihitaji. Hapo ndipo urithi unapojitokeza.

Vilevile hatutegemei kiungo kimoja. Meno ya mbele, chuchu, korodani, halafu vinasaba vilivyosomwa na watu tofauti kwa njia tofauti, vyote vinaelekea upande mmoja. Visukuku navyo vimejaza pengo. Kuna mnyama aliyepatikana Jamaica na kuelezwa mwaka 2001 na mtaalamu wa visukuku Daryl Domning, anaitwa Pezosiren. Ana mbavu nzito na fuvu la ukoo wa nguva, lakini ana miguu minne kamili, iliyoweza kubeba mwili wake nchi kavu. Ni wa miaka takriban milioni 50 iliyopita. Na kule Tunisia, mahali paitwapo Chambi, ukapatikana mfupa wa sikio wa mnyama wa ukoo huo, wa umri unaokaribiana na huo, ukatangazwa mwaka 2013. Kwa hiyo nguva aliyekuwa anatembea yupo kwenye miamba, na Afrika yuko.

Upande wa pimbi mambo ni makubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Leo tunamwona mdogo na mnyenyekevu. Lakini pale Fayum, Misri, kwenye tabaka za miaka milioni 30 na kitu, pimbi ndio waliotawala malisho. Walikuwepo wa kila ukubwa, wengine wakubwa kuliko ng'ombe. Swala, nyati na jamaa zao walikuwa bado hawajafika Afrika. Walipofika kutoka Asia na Ulaya bara lilipoungana, wakachukua nyika, na pimbi waliobaki ni hawa waliokimbilia mahali ambapo swala hawezi kuwafuata vizuri: mapango ya mawe na matundu ya miti.

Na hili lililonishangaza kuliko yote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzao walichunguza myoglobini, ile protini inayohifadhi oksijeni kwenye misuli. Kwa wanyama wanaozama, protini hiyo ina chaji kubwa ya umeme, hivyo chembe zake zinasukumana na haziganduki hata zikijazana. Ndiyo maana nyama ya nyangumi ni nyeusi. Walipofuatilia ukoo wa nguva, ndovu na pimbi kurudi nyuma, hesabu ikaonyesha kwamba babu yao wa pamoja alikuwa na dalili ya kuishi sehemu ya maisha yake majini. Kama ni hivyo, basi yule pimbi wa mawe makavu ni mjukuu wa mnyama wa kwenye maji, na nguva ndiye aliyebaki kule na kuzama zaidi.

---

Langata_Usiku

Shukrani kwa uzi huu. Naomba tusisahau pimbi wa miti, perere. Sisi tunaoishi karibu na msitu wa Ngong tunamsikia. Anaanza kwa mlio kama mlango wenye kutu unaofunguliwa, halafu unapanda, unapanda, hadi unakuwa kelele ya kutisha. Wageni hudhani kuna mtu anauawa. Mnyama mwenyewe ni mdogo, unaweza kumbeba kwa mikono miwili.

Huwa nahuzunika kuona majirani wanakata mti mzee wenye tundu wakidhani umekufa na hauna kazi. Tundu hilo ndiyo nyumba yake. Mwalimu, je, nguva naye ana sauti?

---

Wa_Chiromo

Dada, anayo, lakini si ya kutisha. Nguva hutoa milio myembamba chini ya maji, kama ndege, na mama na mtoto huitana hivyo. Perere dume anapiga kelele ile usiku kutangaza eneo lake, maana msituni huwezi kuona mbali. Pimbi wa mawe nao wana mlinzi: mmoja anakaa juu akiangalia, na akimwona tai mweusi anapiga filimbi, wote wanaingia mwambani kwa mara moja.

Na ulivyosema kuhusu tundu la mti ni muhimu sana. Pimbi hachimbi shimo kama sungura wa mwituni au panya. Kucha zake ni bapa, zinakaribia kuwa kama za ndovu, isipokuwa moja ya mguu wa nyuma anayojikunia. Nyayo zake ni laini na zenye unyevu, za kushika jiwe au gamba la mti. Kwa hiyo lazima apate nyumba iliyokwisha tengenezwa. Ukimwondolea jiwe au mti, hana pa kwenda.

---

KijanaWaAmu_Eastleigh

Assalamu alaykum wote. Mimi niko Nairobi kwa kazi, kwetu ni Amu, yaani Lamu. Mwalimu umenifurahisha kwa kumtaja nguva kama mnyama wetu, kwa sababu watu wengi wa bara wanamjua kwenye hadithi tu.

Kwetu wazee wanamjua kwa ulaji wake. Walikuwa wakiona nyasi zimelimwa mistari mistari maji yakipungua, wanasema amepita hapa usiku. Leo kijana wa umri wangu anaweza kuvua miaka na miaka, Amu hadi Kiunga, asimwone hata mmoja. Hifadhi ya bahari ya Kiunga ipo tangu 1979, nyasi bado zipo sehemu nyingi. Watu wanauliza, kama malisho yapo na hakuna tena mtu anayemwinda waziwazi, mbona harudi?

---

Wa_Chiromo

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako ndilo nililofungulia uzi huu.

Ukoo huu wote huzaa polepole. Hilo ndilo jambo kubwa wanalolingana, kuliko hata meno. Sungura hubeba mimba mwezi mmoja hivi. Pimbi mwenye ukubwa wa sungura hubeba miezi 7 hadi 8! Sijui mnyama mwingine wa mwili ule anayengoja hivyo. Watoto wake huzaliwa macho wazi, na manyoya, na siku hiyo hiyo wanaweza kukimbia juu ya mawe. Ndovu hubeba miezi 22. Nguva ni miezi 13 au 14, anazaa mtoto mmoja tu, anamnyonyesha hadi mwaka mmoja na nusu, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka 3 hadi 7. Jike anayewahi kuzaa huanza akiwa na miaka 6 hivi, wengine wanangoja hadi 17. Anaweza kuishi miaka 70.

Sasa angalia pimbi na nguva wanavyofidia uzazi huo wa polepole. Pimbi anazaa mara moja kwa mwaka lakini anaweza kuleta hadi watoto 4, na wakishazaliwa wana jiwe. Tai anachukua wake, chui anachukua wake, lakini mwamba unawalinda wengi. Pia hatumii nguvu nyingi. Joto la mwili wake linapanda na kushuka, asubuhi anaota jua, usiku wanarundikana pamoja, na kwa siku anakula kwa muda mfupi tu kisha analala. Mnyama wa matumizi madogo anaweza kuvumilia mengi.

Nguva hana mwamba. Kinga yake ilikuwa ukubwa wake na umri wake mrefu. Papa wa kumsumbua nguva mzima ni wachache, kwa hiyo kuzaa mmoja kila baada ya miaka kadhaa kulitosha kwa mamilioni ya miaka. Wanaomfuatilia wanakadiria kwamba hata chakula kikiwa tele na pasiwe na anayemgusa, idadi haiwezi kukua zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Fanya hesabu ya nguva 100. Mwaka mzuri kuliko yote unakupa 105. Nyavu zikizamisha 6, hata kwa bahati mbaya tupu, umeshuka. Na hao wa kwetu hawafiki hata hapo. Desemba 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wakubwa wa kuzaa ni chini ya 250 kwa pwani yote hii, na kundi la maana limebaki visiwa vya Bazaruto, Msumbiji.

Tunajua pia kwamba ukoo huu unaweza kwisha haraka. Bahari ya Bering ilikuwa na nguva mkubwa wa kutisha, mita 8 na zaidi. Mwanasayansi Mjerumani Georg Steller alimkuta mwaka 1741. Wawindaji wa manyoya wakamfanya chakula cha safari, na kufikia 1768 alikuwa amekwisha. Miaka 27.

---

MamaTano_Rongai

Mwalimu, hii ya miaka 27 imenishika. Lakini nataka kuelewa, kama hawindwi, nyavu zinamuuaje? Si ana nguvu, kilo 400?

---

KijanaWaAmu_Eastleigh

Mama, nikujibu mimi kwa sababu hii nimeiona kwa macho tangu utotoni, jinsi nyavu zinavyotegwa.

Jarife ni nyavu ya matundu makubwa, ya kunasia papa na samaki aina ya taa. Inategwa jioni, inaachwa usiku kucha, mwenyewe anarudi alfajiri. Samaki akinasa anaendelea kupumua majini. Nguva anapumua hewa. Kwa kawaida anakaa chini dakika chache, anapanda, anavuta pumzi, anashuka tena. Akishajiviringisha kwenye jarife hana hata saa moja, sembuse usiku mzima. Kasa hufa hivyo hivyo. Mvuvi anapofika asubuhi hakukusudia, amepoteza nyavu yake iliyochanika, na ana mnyama ambaye sheria inamkataza hata kumgusa. Wengi wananyamaza kwa hofu, na kwa hiyo hata idadi ya waliokufa haijulikani vizuri.

---

Daktari_wa_Ngombe

Basi anayehitaji msaada hapo wa kwanza ni mvuvi. Ukimtisha ataficha. Mimi kazini nimejifunza kwamba mfugaji akiogopa kuadhibiwa, ugonjwa unafichwa hadi unaenea.

---

Wa_Chiromo

Nakubaliana na Daktari kabisa. Kwa mnyama anayezaa hivi, kila jike mmoja aliyeokolewa ana thamani ya miaka mingi ya uzazi, na anayeweza kumwokoa ni mtu aliye kwenye mashua saa hiyo. Sisi wa Nairobi tunaopiga kelele za uhifadhi hatumo majini. Ndugu wa Amu, wavuvi wa kwenu wakiulizwa wao wangetaka nini?

---

KijanaWaAmu_Eastleigh

Wakiulizwa, na huwa hawaulizwi, wangesema mambo ya kawaida tu. Jarife iondolewe kwenye nyasi za kina kifupi, itegwe nje ya miamba kwenye maji makubwa, ambako nguva haji. Lakini kule nje kunahitaji mashua yenye injini na mafuta, si dau. Kwa hiyo anayetaka jarife litoke kwenye nyasi lazima aseme nani atalipa tofauti hiyo. Pili, mvuvi akimkuta nguva yuko hai akakata nyavu kumtoa, alipwe nyavu yake, siku hiyo hiyo, bila kuitwa kituoni kuandika maelezo. Na tatu, maeneo yenye nyasi yachorwe pamoja na wazee wa kila kijiji, kwa sababu wao wanajua alipokuwa akilisha, hata mahali ambapo ramani haionyeshi kitu. Nitampigia ami yangu Kizingitini wikendi hii, nimuulize mahali anapokumbuka yeye, na nitaandika hapa.